KUMSEMEA MNYONGE MBELE YA KADHI NA HAKIMU

 

Darsa yetu ya mara hii ni juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani kuwa ni la mawakili na serikali tu, wala halituhusu sisi tukaao msikitini kusoma. Nalo ni kumsaidia mtu asiye na uwezo aipate haki yake katika kesi za madai, yaani kesi zisizokuwa za jinai: mirathi, masurufu ya mke na watoto, ujira uliozuiliwa, deni, na ardhi. Mwenye kushitakiwa kwa jinai, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemwekea haki ya kupewa wakili na Dola iwapo bila ya hivyo atadhulumika sana. Lakini mjane anyimwaye thumuni yake hakuwekewa ahadi iliyo wazi namna hiyo, naye mara nyingi husimama peke yake.

Basi na tuanze na hadithi aliyoipokea Bibi Ummu Salama, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu kwamba yeye ni mwanaadamu, na wao humletea magomvi yao, na huenda mmoja wao akawa fasaha zaidi wa hoja kuliko mwenziwe, naye akahukumu kwa yale aliyoyasikia. Kisha akawaonya kwamba aliyehukumiwa kitu kisichokuwa haki yake asikitwae, kwani ni kipande cha moto.

Sisi twaisoma hadithi hii kwa ajili ya onyo lake, nalo ni onyo kubwa. Lakini tazameni jambo la pili lililo ndani yake. Ikiwa Mtume mwenyewe, ambaye wahyi ukimshukia, alisema kwamba hukumu yafuata yale yaliyosikiwa, basi hali ya kadhi na hakimu wa leo ni ipi? Hakimu hajui yaliyomo nyumbani mwa watu. Yeye huhukumu kwa ushahidi ulioletwa na maneno yaliyosemwa. Mwenye haki akishindwa kusema, au akakosa karatasi, au akaja siku isiyokuwa yake, haki yake yaweza kupotea na hakimu asiwe na dhambi. Dhambi yabaki kwa nani? Yabaki kwa aliyeila haki ile, na sisi tuliojua tukanyamaza hatusalimiki na lawama.

Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe pamoja naye, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi wa ulimi. Habari hii imo katika Sura ya Qasas. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona aibu kutaka wa kumsaidia kusema, mchukuzi wa bandarini au mama auzaye mahamri ataonaje aibu?

Na maulamaa wetu wa madhehebu ya Imam Shafii wameandika wazi kwamba yafaa mtu kumweka wakili katika magomvi, mwenye kudai na mwenye kudaiwa sawasawa, na kwamba wakili yafaa apewe ujira. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa hapendi kuhudhuria magomvi mwenyewe, akimweka nduguye Akil, na baadaye Abdallah bin Jaafar. Kwa hiyo uwakili si kazi ya haramu kama wasemavyo baadhi ya watu. Kilicho haramu ni kumtetea mtu ilhali wajua kuwa ni mwongo. Sura ya Nisai, aya ya 105, imekataza kuwa mtetezi wa wafanyao hiana, na wafasiri wamesema iliteremka katika kisa ambacho Yahudi alizuliwa wizi na watu waliojiita Waislamu. Haki ilikuwa ya Yahudi, akapewa.

Kabla ya utume kulikuwa na jambo jingine. Mtu mmoja wa Zabid, huko Yemen, alileta bidhaa Makka, akazinunua Al-As bin Wail, mkubwa katika wakubwa, kisha akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubays akapiga ukelele wa kudhulumiwa. Ndipo baadhi ya koo za Kikureshi zilipokutana nyumbani kwa Abdallah bin Judaan, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake, wakamwendea Al-As wakamtoza. Kiapo hicho ndicho Hilful-Fudhul. Mtume (S.A.W.) alikihudhuria naye ni kijana, na baada ya kuja Uislamu alisema kwamba lau angaliitwa kwacho angaliitika.

Angalieni, ndugu zetu: jambo lenyewe lilikuwa ni deni la bidhaa tu. Hapakuwa na damu wala vita. Nalo likatosha kuwakusanya wakubwa wa mji kwa ajili ya mgeni asiye na mtu.

Je, sisi twafanyaje? Tuna makosa matatu.

La kwanza, mtu akiwa na kesi hupelekwa kwa mganga. Hufungiwa hirizi ili hakimu amwonee huruma, na adui yake afungwe ulimi. Fedha azitumiazo kwa mganga zingalitosha kulipia ada na kutoa nakala za hati zake. Huu ni upotevu wa dini na wa mali pamoja.

La pili, ni suluhu ya dhuluma. Suluhu ni njema, na Kurani yaisifu. Lakini hadithi yatufundisha kwamba suluhu yafaa baina ya Waislamu ila ile ihalalishayo haramu au iharamishayo halali. Mwanamke huitwa mbele ya wazee, akaambiwa asiufedheheshe ukoo, akatia dole gumba juu ya karatasi asiyoweza kuisoma. Hiyo si suluhu. Mrithi ana ruhusa ya kuacha fungu lake au kutoka kwa badala, lakini kwa ridhaa yake, naye ajue ni nini akiachacho. Ridhaa ya asiyejua si ridhaa.

La tatu ni kunyamaza, na katika hili hatujitoi. Miaka kadha iliyopita tulialikwa katika nyumba ya marehemu mmoja. Baada ya kula, ililetwa karatasi, mjane akaambiwa atie dole, naye akatia. Sisi tulikuwapo. Tulimwona akimtazama mmoja mmoja wetu kana kwamba angoja mtu amwulize kama ameelewa. Hakuna aliyemwuliza. Tuliomba dua, tukaondoka. Mama yule leo amepanga chumba, na nyumba aliyosaidia kuijenga yakaliwa na wengine. Tangu siku hiyo kila tuisomapo aya ya 135 ya Sura ya Nisai, ituamrishayo tuwe mashahidi wa haki japo juu ya nafsi zetu na jamaa zetu, twaona kwamba yatusema sisi.

Na pwani yetu yajua gharama ya kutojua sheria. Mwaka 1908 ilitungwa Sheria ya Hati za Ardhi, ikawataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi yaandikwe. Aliyejua, au aliyekuwa na wa kumwandikia, alipata hati. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wako watu waliokuwa wakilima penye makaburi ya babu zao, na vizazi vyao vikawa maskwota. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya taabu ya ardhi yetu, lakini ni katika sababu zake kubwa.

Leo milango ni mingi zaidi, nayo yapasa tuijue. Kifungu cha 48 cha Katiba chaiamrisha Dola imhakikishie kila mtu njia ya kuipata haki, na ada ikiwapo isiwe ya kumzuia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imeweka Huduma ya Kitaifa ya kuwasaidia wasio na uwezo, na kesi za madai zimo, ingawa madai ya deni na ya kuvunjiwa heshima yametolewa. Asiyeweza kulipa ada aweza kuiomba mahakama impe ruhusa ya kudai kama maskini, kwa Kanuni ya 33 ya kanuni za kesi za madai. Mwenye deni au mali iliyoharibiwa isiyozidi shilingi 1,000,000 aweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021 na kisha ikafika Mombasa na miji mingine. Huko aweza kujisemea mwenyewe, na sheria yataka kesi imalizwe kwa siku 60. Ugomvi wa ardhi na wa kazi hauendi huko. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ni kwa kadhi, kwa Kifungu cha 170. Na ziko jumuiya kama Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, na MUHURI ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1997, zisaidiazo watu wa namna hii.

Tena haki ina muda. Kwa kawaida kesi ya mkataba ni miaka 6, ya kudhuriwa mwili au mali ni miaka 3, ya kazi ni miaka 3, ya kurudishiwa ardhi ni miaka 12. Anayengoja kwa kuona haya huenda akafika mlango umefungwa.

Basi kila darsa katika mitaa yetu na ifanye mambo manne. Kwanza, wawekwe watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, wa kumsikiliza mwenye shida, kumwandikia barua, kumsomea hati na kumsindikiza. Wasijifanye mawakili, kwani sheria yakataza. Bali wamfikishe kwa wakili au kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Pili, uwekwe mfuko wa sadaka wa ada na nauli, na hesabu yake isomwe wazi. Tatu, vijana wetu waliosomea uwakili waombwe wamtumikie fukara siku moja katika mwezi, iwe zaka ya elimu yao. Nne, pasitiwe dole juu ya karatasi yoyote ya mirathi mpaka isomwe kwa lugha aijuayo mwenye kutia, naye aulizwe mbele ya mashahidi kama amefahamu na kuridhika.

Wala tusimsaidie mtu kwa kuwa ni wetu. Mtume (S.A.W.) alipotuamrisha kumsaidia ndugu yetu, dhalimu au mdhulumiwa, alieleza kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia na dhuluma yake. Mwenye kutujia na dai la uwongo, msaada wake ni kuambiwa arudi nyumbani.

Na ambaye ndani ya nyumba yake mna fungu la dada yake au la mjane wa nduguye, asingoje barua ya mahakama. Alitoe leo, kabla ya Siku ambayo hakuna wakili.

Wa billahi tawfiq.