Soma Kitabu Chenyewe: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Mtahiniwa wa Fasihi ya Kijerumani

Kijana wa Ngara au Biharamulo anayejiandaa kwa mtihani wa uzamili wa fasihi ya Kijerumani, awe atatahiniwa Nairobi au Ujerumani kwenyewe, hana nafasi ya kubahatisha. Akirudi likizo nyumbani hatapata duka linalouza Goethe, wala jirani wa kumsahihisha sarufi. Kwa hiyo nayasema haya bila kubembeleza.

Soma kitabu chenyewe, kwa Kijerumani, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Usiridhike na muhtasari wa mtandaoni, wala tafsiri ya simu, wala daftari la aliyekutangulia. Chukua riwaya ya Theodor Fontane, Effi Briest, ya mwaka 1895. Muhtasari utakuambia kwamba Effi alizini na Meja Crampas. Mtahini analijua hilo; anachotaka ni umwonyeshe Fontane amelisema wapi. Hakulisimulia waziwazi popote. Amelificha katika matembezi ya upweke, katika safari ya usiku kwenye theluji, katika hofu inayomwingia Effi, mpaka miaka inapita na mumewe Innstetten anazikuta barua ndani ya meza ya kushonea. Ustadi wote wa riwaya umo katika kunyamaza huko. Aliyesoma muhtasari hana la kusema hapo, na hugundulika mapema sana.

Soma kwa macho ya kwenu, wala usione haya. Katika riwaya hiyohiyo, Innstetten akiwa amekwisha kumuua Crampas katika pambano la bastola na kumwacha mkewe, anawaza kukimbilia mbali, kwa watu weusi ambao kwa dhana yake hawajui ustaarabu wala heshima. Riwaya ilianza kutoka kwa sehemu katika jarida mwezi Oktoba 1894. Mei ya mwaka huohuo msafiri wa Kijerumani Gustav Adolf von Götzen alikuwa amevuka Mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo kuingia Rwanda, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari yake. Watu anaowataja Innstetten kwa jumla jumla walikuwa na majina, lugha na watawala wao, na baadhi yao ni mababu zako. Mtahiniwa wa Ngara akiliona hilo ameona jambo ambalo wenzake wengi hulipita. Lakini asiishie kulaani. Aonyeshe pia kwamba Wüllersdorf, rafiki wa Innstetten, analikataa wazo hilo palepale, kisha aeleze Fontane anafanya nini kwa kumweka mtu wa kupinga.

Usigeuze kila swali kuwa swali la ukoloni. Boma la Wajerumani lipo Biharamulo mpaka leo, na historia yake ni yetu, ila halijibu swali la mizani ya shairi la Hölderlin. Ukiulizwa umbo, jibu umbo.

Jua unasoma toleo gani. Georg Büchner alifariki mwaka 1837 akiwa na miaka 23, akaacha miswada ya Woyzeck isiyokamilika na isiyo na mpangilio wa hakika wa maonyesho. Kafka naye aliacha Der Process bila kuikamilisha. Max Brod ndiye aliyezipanga sura na kuichapisha mwaka 1925. Basi usiandike kwa uhakika kwamba tamthilia ya Woyzeck inamalizika hivi au vile. Andika: katika toleo hili. Nimeona majibu mazuri yakiporomoka kwa kukosa maneno hayo matatu.

Usikariri enzi na tarehe ukadhani umeielewa fasihi. Romantik na Realismus ni majina waliyopanga wahakiki ili wasomaji wasipotee. Kleist haingii vizuri katika enzi yoyote, na mtahini anajua.

Sema Kijerumani kwa sauti kila siku, hata kama wa kukujibu hayupo. Jirekodi kwa simu, ujisikilize, uhesabu makosa. Usilalamikie jinsia tatu za nomino: wewe uliyelelewa kwa Kihangaza au Kisubi na Kiswahili umekulia katika ngeli nyingi kuliko hizo. Andika insha kwa kalamu pia, kwa muda uleule wa mtihani, bila kamusi.

Pakua vitabu kabla ya kupanda basi kuja nyumbani. Vya Goethe, Schiller, Kleist, Büchner, Fontane na Kafka vinapatikana bure kihalali, maana hakimiliki zake zimekwisha. Vya Christa Wolf na Günter Grass bado vina hakimiliki. Viazime maktaba mapema au ununue. Usitegemee mtandao wa simu kijijini ukuvushe.

Waambie wazazi na ndugu tarehe ya mtihani, na uwaambie mapema. Si dharau kumwomba mama akuachie asubuhi zako. Ukinyamaza utatumwa shambani, sokoni na kwenye kila kikao cha harusi, nao hawatakuwa na kosa.

Usisafiri siku moja kabla. Kutoka Ngara hadi Nairobi kupitia Mwanza na Sirari ni safari ndefu, na basi likiharibika Nyakanazi hakuna mtahini atakayekusubiri. Fika siku tatu kabla, ulale, upitie vifungu ulivyoviwekea alama, basi. Usifungue kitabu kipya siku hizo.

La mwisho, mdogo wangu: kama umebakiza wiki mbili na hujafika nusu ya orodha ya vitabu, usijidanganye kwamba utaikamilisha kwa kukesha. Mwandikie msimamizi wako leo, umweleze ukweli, uombe kuahirisha.