Kiboko, tangi la kioo na sato wako: uchafu unakwenda wapi?



Mwezi huu nimepigiwa simu tatu zinazofanana kabisa. Kijana kafunga matangi nyuma ya nyumba, kaweka vifaranga wengi wa sato, wiki ya kwanza mambo safi, wiki ya tatu samaki wanaelea. Wote watatu waliniuliza dawa gani wanunue. Dawa haipo, na hela ya dawa ingekuwa hasara juu ya hasara.

Leo tuwatazame watu wengine wanaofuga viumbe wa majini kibiashara: bustani za wanyama. Wao maji yakichafuka, mteja aliyelipa kiingilio anaona palepale.

Chukua kiboko. Usiku mmoja anakula majani kilo 40 hivi, halafu mavi mengi anayaacha majini. Bustani nyingi za zamani zilimjengea bwawa la saruji. Likichafuka linafunguliwa, linasuguliwa, linajazwa upya. Mtazamaji aliambulia masikio na pua juu ya maji ya kahawia. Mwaka 1986 Toledo Zoo, jimbo la Ohio huko Marekani, walifungua bwawa la lita kama milioni 1.4 lenye ukuta wa kioo, watu wakamwona kiboko anavyotembea chini ya maji. Watu walisifu kioo. Mimi nasifu mitambo ya kuchuja iliyofichwa nyuma yake, maana bila hiyo kile kioo kingeonyesha tope tu.

San Diego Zoo nao wakaweka tilapia ndani ya bwawa la viboko, wale mabaki. Hapa msinielewe vibaya, kuna watu wanaamini tilapia "anasafisha maji". Anapunguza takataka zinazoonekana, ila naye anatoa amonia kupitia mashavu yake. Chujio linabaki na kazi yake.

Na msidhani maji ya asili hayachafuki. Mto Mara, upande wa Kenya, watafiti wameona madimbwi ya viboko yakiishiwa oksijeni wakati maji ni kidogo. Mvua ikinyesha yale maji mabovu yanasukumwa, samaki wa chini ya mto wanakufa.

Sasa linganisheni sehemu mbili zinazoonyesha samaki. Monterey Bay Aquarium, California, ilifunguliwa 1984, iko ufukweni kabisa. Wanavuta maji ya bahari kwa pampu. Mchana wanayachuja ili wageni waone vizuri, usiku wanayaacha yaingie bila kuchujwa, na vijidudu vinavyoelea humo vinakuwa chakula cha viumbe walioshika kwenye mawe. Shedd Aquarium iko Chicago, mbali na bahari. Ilipofunguliwa 1930, maji ya chumvi yaliletwa kwa treni kutoka Key West, Florida, karibu lita milioni 3.8. Maji ya namna hiyo huwezi kuyamwaga kila wiki. Lazima uyazungushe na kuyasafisha.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni hili: wewe ni wa Monterey au wa Chicago? Kama una chemchemi au mfereji usiokauka, maji yanaingia na kutoka, uchafu unaondoka nayo (jirani wa chini mfikirie pia, peleka kwenye mboga au migomba kwanza). Kama unategemea kisima au bomba la kulipia bili, wewe ni wa Chicago. Wale vijana watatu wote ni wa Chicago, na hakuna hata mmoja aliyejenga chujio. Walinunua pampu ya hewa wakaona inatosha.

Tupige hesabu. Kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 30 inaacha majini karibu gramu 28 za amonia. Tangi la lita 5,000, ukilisha kilo moja kwa siku, kila lita inaongezeka miligramu 5 na zaidi kwa siku moja tu. Mimi nikipima napenda iwe chini ya 1. Tena ukali wake unategemea pH. Maji ya nyuzi 28 yakiwa na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inakaribia asilimia 40. Maji ya kijani kibichi pH yake hupanda mchana, ndiyo maana unaweza kupima asubuhi ukaridhika, jioni samaki wanahangaika.

Chujio lina sehemu mbili. Kwanza pipa la kutuamisha kinyesi, ulimwage kila siku. Pili pipa la kokoto au vipande vya plastiki lenye hewa ya kutosha, makazi ya bakteria. Kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu (damu inakuwa ya kahawia, samaki anahema juu juu), kundi lingine linageuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina ukali huo. Hao bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Sasa mnaona kwa nini wiki ya tatu ndiyo ya msiba?

Anza na samaki wachache, ulishe kidogo, upime kila siku. Mwenzako mwenye chujio zima na samaki wasio na ugonjwa akikupa kokoto zake, unaokoa muda. Usizioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, utaua bakteria wote. Tumia maji ya tangi lenyewe. Dawa za kuua bakteria nazo zinaua hawa unaowahitaji. Umeme ukikatika, acha kulisha kabisa mpaka urudi.

Ukinipigia simu, uwe na namba hizi mkononi: lita za tangi, kilo za chakula kwa siku, kipimo cha amonia na pH cha asubuhi na cha jioni, na tarehe uliyowasha chujio.