Kioo cha Ubavuni Kisichoteremka

Swali: Wezi wamevunja kioo kidogo cha ubavuni, nyuma, cha Prado yangu ya zamani hapa Umoja. Fundi anataka kunikatia kioo cha dirisha la nyumba. Nikubali?

Jibu: Usikubali, hata akikupa bure. Kioo cha ubavuni kwa kawaida hupashwa moto kiwandani kisha hupozwa ghafla, ndiyo maana kikivunjika huwa chembechembe butu. Cha nyumba hupasuka vipande vikali, tena karibu na shingo ya mtoto aliyeketi nyuma.

Tafuta kilichotumika, cha modeli na mwaka ule ule, Kariobangi Light Industries au Kirinyaga Road. Dai risiti. Kikiwa kimechongwa namba ya usajili ya gari lisilojulikana, kiache: huenda kiliibwa.

Kikiwa kinashikwa na mpira, badilisha mpira pia. Uliokauka hupitisha maji, na kutu huanza hapo. Kikiwa cha gundi, itumike gundi ya vioo vya magari, si silikoni ya bafuni, na praima ipakwe penye mikwaruzo ya bodi. Siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo: ukibamiza mlango, hewa husukuma kioo kabla gundi haijashika.