Msipike Sufuria Mbili



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mapato ya nyumba, wakwe, malezi ya watoto na namna ya kusameheana. Leo nawaalika tuingie jikoni. Huenda mmoja wenu amerudi kutoka kliniki juzi na habari kwamba ana ugonjwa wa kisukari. Ameketi kimya, karatasi mkononi. Dawa ameandikiwa, na jinsi ya kuzimeza ameelezwa. Swali linalowasumbua nyote wawili ni hili: "Sasa tutakula nini?"

Mimi ni katekista, si daktari. Lakini swali hilo lilifika nyumbani kwangu pia, nami nililijibu vibaya. Nawasimulia ili msirudie kosa langu.

KOSA LETU

Mke wangu alipoambiwa ana kisukari, alianza kupika sufuria mbili. Moja ilikuwa yetu, mimi na watoto: ugali wa unga mweupe, viazi vya kukaanga, chapati siku ya Jumapili, na chai iliyotiwa sukari tangu jikoni. Ya pili ilikuwa yake: sukuma wiki iliyochemshwa bila mafuta wala chumvi, na kipande cha nduma. Watoto waliiita "chakula cha mgonjwa". Mimi nilinyamaza. Kusema kweli, nilifurahi kwamba ugonjwa wake haukugusa sahani yangu.

Baada ya miezi mitatu alipimwa asubuhi kabla ya kula, na sukari ilikuwa 14. Nilikasirika. Nilimwuliza mbele ya muuguzi kama anataka kuniachia watoto peke yangu. Hakujibu. Tulipokuwa njiani kurudi alisema, "Baba Watoto, usiku mkishalala mimi hula chapati zilizobaki. Nimechoka kula kama mgeni jikoni mwangu."

Niliona aibu. Siku ya ndoa yetu niliahidi kuwa naye katika afya na katika ugonjwa. Ahadi hiyo nilikuwa nikiitimiza kwa kumpa nauli ya kliniki tu, na mezani nimemwacha peke yake.

Safari iliyofuata tuliingia pamoja kwa mtaalamu wa lishe. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Nyumbani mnapika sufuria ngapi?" Tulipomjibu, alisema hiyo ndiyo shida ya kwanza kutibu. Chakula kinachomfaa mwenye kisukari kinaifaa familia nzima. Tena watoto ambao mzazi wao ana kisukari cha ukubwani wako katika hatari zaidi ya kukipata wao wenyewe baadaye. Sufuria moja humsaidia mama na kuwakinga watoto.

KISUKARI NI NINI?

Vyakula vya wanga kama ugali, wali, mkate na viazi hugeuka kuwa sukari mwilini na kuingia katika damu. Ili sukari hiyo itumike kuwa nguvu, mwili unahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Mwenye kisukari ama hana insulini ya kutosha, ama mwili wake hauitii. Sukari hubaki ikizunguka katika damu. Ndiyo maana mtu huwa na kiu, hukojoa mara kwa mara, huchoka na pengine hukonda. Ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu macho, figo, moyo, na mishipa ya fahamu ya miguu.

Asubuhi kabla ya kula, kipimo cha 7.0 au zaidi ni alama ya kisukari, na kwa kawaida daktari hupima tena ili kuhakikisha.

Mmeona basi kwamba adui si sukari ya bakuli peke yake. Wapo wanaoacha sukari kwenye chai, kisha wakakatiwa ugali mkubwa kama jiwe la kusagia, na wakashangaa kwamba kipimo hakishuki.

SAHANI YENYEWE

Mtaalamu yule hakutupa orodha ndefu ya makatazo. Alichukua sahani ya kawaida akaigawa kwa kidole.

Nusu ya sahani ni mboga: sukuma wiki, kabeji, mchicha, managu, terere au kunde. Pikeni kwa kitunguu, nyanya na mafuta kidogo, ziwe tamu. Mgonjwa hakuhukumiwa kula mboga zisizo na ladha. Chumvi ipunguzwe kwa wote, hasa kama kuna shinikizo la damu.

Robo ya sahani ni chakula cha kujenga mwili: maharagwe, ndengu, mayai, omena, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi. Kipande cha nyama kisizidi kiganja chako.

Robo inayobaki ndiyo ya wanga. Ugali uwe wa ukubwa wa ngumi yako. Ukiwa wa unga usiokobolewa ni bora zaidi, kwa sababu makapi yake hupunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu. Siku ya chapati, iwe moja ndogo.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunakula wali kwa mchuzi wa viazi, au chapati kwa viazi, tukidhani viazi ni mboga. Viazi ni wanga. Ukila wali, mchuzi uwe wa ndengu au maharagwe, na mboga ziwe pembeni. Katika githeri, mahindi ni wanga, kwa hiyo maharagwe yazidi mahindi, na mboga ziongezwe. Mukimo nao ni viazi na mahindi kwa sehemu kubwa, hata kama rangi yake ni ya kijani. Uule kwa kipimo kile kile cha robo.

Asubuhi, badala ya vipande vinne vya mkate mweupe, jaribuni yai la kuchemsha na kipande kimoja cha nduma au kiazi kitamu. Uji uwe kikombe kimoja, mzito, bila sukari.

CHAI NA SODA

Hebu tuhesabu. Mtu anayekunywa vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko 3 vya sukari, amekula vijiko 12. Hiyo ni karibu gramu 50. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko 8 vya chai.

Dawa ni rahisi: msitie sukari kwenye sufuria ya chai. Pikeni chai bila sukari, kila mtu ajiwekee kikombeni. Mwenye kisukari aiache kabisa, na wengine wapunguze kijiko kimoja kila wiki. Tangawizi au mdalasini husaidia ladha. Nilidhani sitaweza, lakini ulimi huzoea. Siku hizi nikipewa chai tamu ugenini naiona kama dawa ya kikohozi.

MANENO YA MTAANI

Mara habari zikienea, kila jirani atakuwa daktari. Yapimeni maneno haya.

"Ugali wa wimbi hauna sukari, kula ushibe." Wimbi ni chakula kizuri, lakini ni wanga. Kipimo ni ngumi ile ile.

"Asali ni ya asili, haidhuru." Asali ni sukari, hata kama imetoka mzingani.

"Usiguse matunda kamwe." Si kweli. Kula chungwa moja, au kipande cha papai, au nusu ya embe kubwa, si yote kwa pamoja. Tunda zima ni bora kuliko maji yake yaliyokamuliwa.

"Vitu vichungu huua sukari, acha dawa za hospitali." Hili limewapeleka wengi kaburini. Uchungu wa mdomoni hauondoi sukari katika damu. Ukitumia miti shamba yoyote mwambie daktari, wala usiache dawa zako. Na aliyekwisha kuambiwa figo zake zina shida aulize chakula chake mahususi, kwa maana hata maharagwe na mboga huenda akapimiwa.

SUKARI IKISHUKA

Somo hili ni la mume na mke wote wawili. Anayetumia insulini, au vidonge vya aina fulani, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi akichelewa kula, akifanya kazi nzito au akinywa pombe tumbo likiwa tupu. Chini ya 4.0 ni hatari. Atatetemeka, atatoka jasho, moyo utaenda mbio, ataongea ovyo au atakuwa mkali bila sababu. Msidhani ni ulevi au kiburi.

Mpeni mara moja vijiko 3 vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Saa hiyo soda ni dawa. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu rudieni, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, msimtie kitu chochote mdomoni. Mkimbizeni hospitalini.

Kwa sababu hiyo msikubali kushinda njaa kwa tamaa ya kushusha sukari haraka. Mwenye kisukari ale kwa saa zake, kwa kipimo chake.

WAKATI WA KWARESIMA

Wengi huniuliza juu ya kufunga. Kanisa linawataka Wakatoliki wa miaka 18 hadi 59 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, lakini halimlazimishi mgonjwa. Hata ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haimfungi mgonjwa wala anayemtunza. Kwa hiyo ukihitaji kula kabla ya Misa, kula bila hofu ya dhambi. Toa sadaka yako kwa njia nyingine. Na wewe mwenzi wake uliye mzima, kujinyima soda kwa siku 40 kwa ajili yake ni mfungo mzuri.

KATI YENU WAWILI

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mtu huficha kwa sababu anaogopa kukemewa. Usiwe askari wa kukagua mifuko na kuhesabu chapati. Badala ya kusema, "Umekula nini tena?", sema, "Leo tupike nini?" Akiteleza siku moja, mlo unaofuata ndio wa kurekebisha. Na wewe mgonjwa, usimfanye mwenzi wako mwongo mbele ya daktari. Mwambie ulichokula.

Mume, kama mke ndiye mgonjwa, kumbuka kwamba mara nyingi mama hupakulia kila mtu kisha hula makombo yaliyobaki. Pakua wewe sahani yake kwanza, nusu iwe mboga. Mke, kama mume ndiye mgonjwa, mfungie chakula cha kazini, asije akashinda kwa chai na mandazi hotelini.

Mkienda ugenini, semeni mapema. Kwa wakwe, mwenye kusema awe mtoto wa nyumba hiyo, ili mgeni asionekane anadharau chakula. Katika jumuiya, anayeandaa chai aweke birika moja isiyo na sukari. Na baada ya chakula cha jioni tembeeni pamoja. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, huusaidia mwili kuitumia sukari, nanyi mtapata nafasi ya kuongea.

Jambo la mwisho ni la chumbani. Kisukari kinaweza kupunguza nguvu za mume katika tendo la ndoa, na mke anaweza kukosa hamu au kuwashwa. Nyumba nyingine zimeingiwa na wivu kwa sababu hii, kila mmoja akidhani mwenzake ana mtu nje. Mwelezeni daktari bila haya. Kuna msaada.

YA KUTENDA WIKI HII

1. Nendeni kliniki pamoja, hata mara moja tu. Aliye mzima aulize maswali naye.
2. Igawanyeni sahani moja mbele ya watoto, nusu, robo na robo, na mwaeleze sababu.
3. Ondoeni sukari kwenye sufuria ya chai.
4. Kila mtu mzima nyumbani ajue dalili za sukari kushuka.

Kisha jioni moja, watoto wakishalala, jibuni haya kwa upole: Je, tangu habari hii ije, ni nani anayekula peke yake nyumbani kwetu? Ni chakula gani tunachofichana? Mimi ninaweza kuacha nini ili wewe usijione mgeni?

Kwetu sukari ya mama watoto haikushuka kwa siku moja. Ilishuka polepole, na zipo wiki inapopanda tena. Siku ya Jumapili bado tunapika chapati, za unga wa ngano usiokobolewa, moja kwa kila mtu, kwa ndengu na kabeji nyingi. Hakuna zinazobaki za kuliwa gizani. Ile sufuria ya pili tuliiosha na kuitundika ukutani. Hutumika mgeni akija, kwa maji ya kuoga.