SOMO LA KIKUNDI: TUPIME MADIRISHA YA ZAMANI KABLA YA KUYANG'OA

Katika sehemu nyingi kuna nyumba ya zamani iliyokaa tupu: zahanati ya kale, nyumba ya mwalimu, au stoo ya ushirika. Kikundi kikipewa nyumba kama hiyo ili kifungue shule ya chekechea, neno la kwanza huwa: "Madirisha haya yameoza, toa yote tutie ya chuma." Fundi naye hukubali upesi, maana kwake ni kazi. Lakini pesa ni za nani? Ni za wanachama, shilingi kwa shilingi.

Ndugu wanakikundi, dirisha linaloonekana bovu mara nyingi limeoza sehemu ndogo tu, hasa chini. Tena mbao za zamani zilipasuliwa kutoka miti iliyokomaa kama mvule na mtarakwa, ambayo mchwa hawaipendi. Saipresi changa tunayouziwa siku hizi huliwa haraka isipotiwa dawa. Basi tusitupe kizuri tukanunua hafifu.

JINSI YA KUPIMA

1. Chora nyumba kwenye karatasi na upe kila dirisha namba. Usiseme "madirisha ni mabovu." Sema "namba 4 limeoza kona ya chini."

2. Tafuta maji yanatoka wapi. Angalia bati, mfereji wa paa, na nyufa za ukuta juu ya dirisha. Ukitengeneza dirisha na bati bado linavuja, umefanya kazi bure.

3. Chukua bisibisi, bonyeza mbao za chini, kizingiti na kwenye viungo. Kisha nyanyua kibanzi kidogo. Kikitoka kirefu chenye nyuzi, mbao ni nzima. Kikikatika kifupi na kumumunyuka, hapo pameoza.

4. Gonga fremu upande wa ukutani. Ikilia kama debe tupu, huenda mchwa wamekula ndani.

5. Tazama bawaba, komeo, vioo na puti inayoshikilia vioo.

Sasa gawa madirisha mafungu matatu: A, ya kusafisha na kupaka rangi, B, ya kutengeneza, C, ya kubadilisha. Tuseme nyumba ina madirisha 12, na mmepata A 5, B 5, na C 2. Hapo fundi atawapa bei ya kazi inayohitajika, siyo bei ya madirisha 12 mapya.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kata sehemu iliyooza mpaka ufikie mbao nzima, halafu unga kipande cha mbao kavu ya aina ileile. Kizingiti kiinamie nje ili maji yateremke. Kabla ya kutia puti mpya, paka rangi ya kwanza kwenye mbao tupu. Usipofanya hivyo mbao itanyonya mafuta ya puti nayo itapasuka. Dirisha la fungu C lisichomwe kuni mara moja. Bawaba, vioo na vipande vizima vitasaidia madirisha ya fungu B.

HATARI YA RANGI YA ZAMANI

Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake huharibu ubongo wa watoto wadogo, na hao ndio tunaowatengenezea shule! Usiisugue ikiwa kavu wala kuichoma kwa moto. Ilowanishe maji, ikwangue polepole, tandika karatasi ya nailoni chini, na ufunike pua na mdomo kwa barakoa inayozuia vumbi laini. Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali. Nawa mikono kabla ya kula.

IKIWA NYUMBA ITAKAA TUPU BADO

Pengine pesa hazijatosha. Msizibe madirisha kabisa kwa mabati, kwani unyevu utafungiwa ndani na mbao zitaoza. Wazee wa pwani walilijua jambo hili: katika Mji wa Kale wa Mombasa madirisha mengi yana vibao vya mlazo vinavyopitisha hewa hata yakiwa yamefungwa. Nanyi acheni matundu ya hewa kwenye mbao za kuzibia, mweke wavu, na msizipigilie misumari kwenye fremu ya zamani. Kila baada ya mvua kubwa, wanachama wawili wazunguke nyumba na kuandika walichoona. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la mwisho: ulizeni kama jengo limetangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa la kuhifadhiwa. Kama ndivyo, linalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Pateni ruhusa ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kubadilisha kitu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika eneo letu ni nyumba gani ya zamani imekaa tupu, na ni ya nani?
2. Ni mzee gani anajua mbao zake zilitoka wapi?
3. Nani kati yetu ataenda na karatasi, na nani na bisibisi? Lini?

Msiondoke mkutanoni kabla ya kujibu swali la tatu.