Mama Mary Lange: Mgeni Aliyefungua Shule Nyumbani



Wapendwa, leo tujifunze kwa Mama Mary Elizabeth Lange, mhamiaji kama sisi. Alitoka Kuba akafika Baltimore, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19. Alizungumza Kifaransa katika mji wa Kiingereza, naye alikuwa mwanamke mweusi mahali ambapo utumwa ulikuwa halali. Watoto weusi hawakuwa na shule ya serikali, hivyo akawafundisha bure nyumbani kwake.

Mwaka 1829 yeye na wenzake watatu waliweka nadhiri. Likazaliwa shirika la kwanza kudumu la masista weusi nchini humo. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1832, masista walijitolea kuwauguza wagonjwa. Mama Lange alifariki mwaka 1882. Shule yake ingali wazi. Mwaka 2023 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa.

Sisi husema, “Tukishatulia, tutawafundisha watoto sala na Kiswahili.” Miaka inapita, watoto wanakua. Mama Lange hakungoja kutulia.

Tujiulize nyumbani: jioni ya leo, nani atakaa na watoto?

Ee Bwana, utujalie moyo wa kuanza. Amina.