Silabi za Ijumaa zinazosahaulika Jumatatu

Swali: Nafundisha darasa la kwanza wilayani Kyerwa. Nyumbani watoto wengi huzungumza Kinyambo. Ijumaa wanaimba silabi vizuri, Jumatatu hawazijui. Wiki niipangeje?

Jibu: Mwalimu, hao wameimba tu, hawajasoma. Mmoja hodari anaongoza, wenzake wanafuata sauti. Waonyeshe silabi bila mpangilio, mtoto mmoja mmoja, na utawajua wasomaji wako kabla ya mapumziko.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 uliweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo usione haya kukaa na sauti moja wiki nzima. Tuseme ni l, ambayo wengi huichanganya na r. Jumatatu iwe ya mdomo tu: kula, kura, lala. Anayekwama kwenye maana umweleze kwa Kinyambo, kisha mrudi kwenye Kiswahili. Siku mbili zinazofuata, kata maboksi uandike la, le, li, lo, lu na a. Vikundi viunde lala, lia, lulu. Alhamisi waandike kwanza mchangani, ndipo daftarini.

Kuhesabu kusikose hata siku moja, na buni kavu haikosekani Karagwe na Kyerwa. Kumi na nne ni rundo la punje kumi na punje nne pembeni. (Angalia wasitie punje puani!)

Ijumaa kila mtoto asome maneno matano mezani kwako, wengine wakichora. Darasa likiwa kubwa, nusu wasubiri Ijumaa ijayo. Jumatatu anza na waliokwama.